Ngumi Yangu Kwenye Ubavu wa Ndege

Mpaka leo nikipita karibu na kile kiwanja cha ndege pale Bariadi naangalia upande wa pili, na nyie mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea.

Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika, mmoja akaja na kindege kikuukuu, tukaacha mashamba kwenda kushangaa. Mimi nilikuwa na langu jambo: mzee Masanja wa Ngulyati alikuwepo, nami nilikuwa nimeposa kwake na jibu lilikuwa halijatoka. Nikasema leo atajua mkwe wake ana akili (shule niliishia kidato cha pili, lakini niliiacha mimi, siyo yenyewe iliyoniacha). Mzee akaniuliza kama lile dude ni chuma kitupu, na badala ya kusema sijui nikamwambia ni chuma, ngoja nikupimie, nikakisogelea kama tunavyokagua dume la ng'ombe mnadani: nikashika mgongo, nikapapasa tumbo, halafu nikapiga ngumi ya ubavu nisikie kama kimenona.

Ngumi ikazama. Mkono mpaka kwenye kiwiko, ndani upepo mtupu, kuuvuta, saa ya mkononi ikanasa, nikabaki nimekumbatia ndege ya watu mbele ya umati, naiona jela, namwona binti anaolewa na mwingine.

Rubani akaja taratibu, akaunasua mkono, akachungulia, akauliza kama nimegonga kitu kigumu. Nikamwambia hapana, nimekutana na hewa.

"Basi una bahati, kaka. Hii ya nje ni ngozi tu, kitambaa kilichopakwa dawa, tena kimechakaa. Kinachobeba ni mifupa ya ndani. Ungepinda ubavu mmoja, hapa tungelala."

Akabandika kiraka kwa gundi, kikakauka na jua, na kindege kilipoiacha ardhi ndipo nami nikapumua, nikamfuata mzee.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "binti nitakupa. Umeharibu, lakini hukukimbia."

(Ningekimbiaje, na mkono uko ndani ya ndege?) Nikainamisha kichwa, nikashukuru. Tangu hapo nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, na huyo mwanamke tumezaa naye watoto sita, ila baba yake hiyo habari ya saa kunasa sijamwambia, mpaka leo anadhani nilisimama kwa hiari yangu, na nyie msimwambie.