Kizuka na Mwezi

Kumposa mwanamke aliye edani hakujuzu, na watu wa nyumba ile ya Kibiti wanaijua dini yao. Kwa hiyo hawakumposa Mwanaheri. Walileta matofali.

Yalianza kuja kidogo kidogo, toroli leo, toroli kesho, yakapangwa uani kando ya jiko. Mudrick, mdogo wa marehemu, ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na barabara kuu, na kwake tofali si kitu cha kutafuta. "Tunaongeza chumba," alisema kutoka nyuma ya mlango wa uani, maana kizuka, yaani mjane anayekaa eda, haonwi na shemeji. Chumba cha nani? Cha wageni. Wageni gani hao, katika nyumba yenye vyumba vitupu? Hakuna aliyeuliza. Kisha likaja godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, likaegemezwa ukutani. Wanawake waliokuja kumtazama kizuka waliliangalia lile godoro, wakaangaliana, wakasema Mudrick ni mtu mwema na nyumba haitazimika taa. Hata baba yake Mwanaheri, Mzee Mshamu, alimpigia simu kutoka Salale, akamwambia atulie. "Mbebwa hujikaza, mwanangu," alisema, na mtandao ukakatika.

Basi huo ndio uliokuwa mtego, na ulitegwa kwa wema mtupu. Mwanaheri hakutaka kuolewa na Mudrick. Hakumchukia, hakumtaka tu. Lakini utakataaje jambo ambalo hujaulizwa? Ukisema sitaki, utaambiwa: hutaki nini, na nani amekutaka? Na ukinyamaza, toroli jingine hilo linaingia. Wengine hufungwa kwa kamba. Yeye alikuwa anafungwa kwa fadhila, na mtu akilalamikia fadhila huitwa mwizi wa fadhila.

Alizaliwa Salale, kwenye mikoko, mahali ambapo nyumba haina ua. Ukitoka mlangoni umefika, maji hayo hapo, mtumbwi huo hapo. Alijua kupiga pondo kwenda shamba la mpunga kabla hajajua kukuna nazi. Marehemu mumewe, Abdulhalim, alipelekwa kule kufundisha sayansi, akamwona, akamwoa, akamleta Kibiti kwenye ua wenye ukuta wa tofali uliompita kichwa. Mwanzoni alikuwa akiuliza upepo unaingilia wapi. Baadaye akazoea, akawa mpika vitumbua anayejulikana mtaa mzima, na watu walimjua kwa mkono wake unaopokea hela mlangoni.

Abdulhalim naye alikuwa na wazimu wake. Alitengeneza darubini kwa mikono yake: bomba pana la plastiki, lile la maji machafu, kioo kilichobonyea katikati alichoagiza Dar es Salaam, na vipande vya mbao. Akaijengea nguzo ya saruji katikati ya ua ili isitikisike. Bi Waride, mama yake, aliiita bomba la choo tangu siku ya kwanza, na hakubadilisha jina. Wanafunzi walikuja jioni, wakapanga foleni kutazama. Mwanaheri alikuwa jikoni. Aliyasikia yote kupitia ukutani: kwamba mwezi una mashimo, kwamba ukishauona utakukimbia, kumbe dunia ndiyo inayokwenda. Kila mara Abdulhalim alimwita, "Mwana, njoo uone!" Naye akajibu, "Nazi hii itajikuna yenyewe?" Mume alicheka. "Basi kesho. Mwezi hauhami."

Mwezi haukuhama. Alihama yeye, wakati wa masika, baada ya homa ya siku chache, na Mwanaheri hakuwa ameweka jicho kwenye darubini ile hata mara moja. Hilo lilimuuma hadi akaona haya kulisema, kwa sababu watu walidhani analilia mambo makubwa zaidi.

Sasa asingeweza hata kama angetaka. Bi Waride alisimamia eda kama askari wa zamu. Manukato hakuna, wanja hakuna, kioo cha kujitazama kimegeuzwa ukutani. Juu ya hayo aliongeza sharti lake mwenyewe, ambalo hakuna maalimu aliyelikuta kitabuni: kizuka haangaliani na mwezi. Mwezi ni mwanamume, alisema. Kwa hiyo kila adhana ya Magharibi ilipokwisha, Mwanaheri alitakiwa awe ndani, kwenye chumba chenye kidirisha cha kutazama matofali.

Asubuhi moja Mudrick alisema kutoka nyuma ya mlango kwamba keshoye mafundi wanaingia. Msingi wa chumba ungepita pale pale kwenye nguzo, kwa hiyo nguzo ingevunjwa. "Amesikia, mwanangu," Bi Waride alimjibia, kama alivyomjibia mambo yote tangu siku ya mazishi.

Mwanaheri alisikia. Baada ya Magharibi umeme ulikatika, mtaa mzima ukawa giza. Mama mkwe alikuwa bado kwenye mkeka wake akivuta tasbihi. Mwanaheri alijifunika kaniki vizuri, akatoka uani, akaondoa kiroba kilichofunika darubini. Mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa ya paa la jiko.

Aliinama kwenye kijitundu cha kutazamia, hakuona kitu. Giza tu. Alisukuma bomba huku, akalirudisha kule, na machozi yakaanza kumtoka kwa hasira, si kwa huzuni. Huyu mtu alimwita miaka yote, na leo amekuja, hakuna wa kumwonyesha! Ndipo mwanga ukampiga jichoni, akashtuka akarudi nyuma. Alipoinama tena alizungusha kile kidude cha kurekebishia picha taratibu, kama alivyowasikia wanafunzi wakiambiwa, na ukungu ukajikusanya ukawa kitu.

Ulikuwa ni udongo. Hakutarajia hivyo. Palikuwa na mashimo yenye kingo, na vivuli ndani ya mashimo, na uwanda mpana usio na ukuta popote. Kisha mwezi ukaanza kuteleza kuelekea ukingoni, ukatoka, akabaki na giza lake. Alisukuma bomba, akaupata, ukatoka tena. Kila kitu kinaondoka, alisema moyoni, ila miye.

"Mwanaheri!" Bi Waride alikuwa amesimama kwenye kizingiti, tasbihi mkononi. "Weye una akili kweli? Kizuka anaangaliana na mwezi!"

"Mama, kesho wanaivunja. Nilikuwa naitwa kila siku, sikuja. Niache nije leo."

Bi Waride hakumkemea. Alimlilia mwanawe siku nyingi, lakini hakuwahi kumsikia mkwewe akisema lolote juu yake. Alishuka ngazi, kiuno kikimlalamikia, akasogea hadi kwenye bomba la choo. "Wanatazamia wapi?" aliuliza kwa ukali. Mwanaheri akauweka mwezi katikati, akamwinamisha.

"Mbona una ndui?" aliuliza Bi Waride. "Kumbe nao uliugua." Akatazama tena. "Na huyu ndiye niliyekatazwa nisimwone, miezi yote ile."

Aliendelea kuongea jicho likiwa pale pale, na pengine ndiyo maana aliweza. Baba yake Abdulhalim alipofariki, Bi Waride naye alikaa eda, kwenye chumba kile kile. Eda ilipokwisha, mdogo wa marehemu alikuwa tayari amevaa kanzu ya kuoa. "Nikanyamaza. Wakatoka nje wakasema: amenyamaza, basi amekubali." Alivuta tasbihi punje moja. "Kimya ni cha mwari, mwanangu. Mjane huulizwa, akajibu kwa kinywa chake. Hayo nimeyajua uzeeni, kwenye darasa la akina mama. Nampenda Mudrick, ni wa tumbo hili. Lakini miye sikuulizwa."

Ndipo walipomsikia Mudrick akigonga mlango wa uani.

"Hodi. Mama, mwambie shemeji mafundi wanakuja alfajiri. Asishtuke wakianza na ile nguzo."

Hapo ndipo Bi Waride alipaswa kusema: amesikia, mwanangu. Hakusema. Alibaki ameinama kwenye darubini kama mtu asiye na masikio, na kimya kikawa kirefu, na Mwanaheri akaelewa kwamba kimya kile ameachiwa yeye. Angeweza kukiacha kipite. Kingepita, na asubuhi kingekuwa msingi.

"Nguzo isiguswe," alisema, sauti ikimtetemeka. "Na hicho chumba, shemeji, kama ni changu, sikitaki. Eda yangu ikiisha nakwenda kwetu Salale."

Nyuma ya mlango Mudrick akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwema aliyesingiziwa. "Shemeji, nani amesema ni chako?"

"Hakuna aliyesema," Mwanaheri alijibu, na safari hii sauti haikutetemeka. "Ndiyo maana nasema miye. Wewe sema: nguzo isiguswe, umekubali?"

Walisubiri. Walisikia kandambili zake zikisugua sakafu, kama mtu anayetaka kuondoka na hajui aende upande gani. Hakujibu.

Bi Waride aliinua kichwa kutoka kwenye darubini, akajipangusa jicho kwa ncha ya kanga.

"Amenyamaza," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barazani. "Basi amekubali."