Nilinyamazisha Shamba Zima kwa Sababu ya Kiatu Kimoja

Ndugu wasomaji, nimekosa. Sitafuti wa kunitetea, maana hata mke wangu amekataa. Nataka tu kulitoa jambo hili tumboni, na mkitaka kucheka, chekeni, nimeshazoea.

Mwaka ule nzige walipotumalizia mtama, tulitoka kwetu Makueni wanaume kama ishirini, tukapata kazi ya kukata mkonge katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kibwezi. Mshahara mdogo, jua kali, miiba inachoma hadi masikio. Lakini kazi ilikwenda! Mutuku, kaka wa mke wangu, alianzisha wimbo, sisi tukaitikia, na kila kiitikio mapanga yalipanda juu, mabega yakacheza, kisha tukakata. Saa sita tulikula isyo, mahindi na maharagwe yetu, kutoka sufuria moja.

Mimi nikafanywa mnyapara. Siku moja bwana akaniita, akanionyesha jozi ya viatu vya ngozi, akanipa cha kulia peke yake.

"Mkonge ukiongezeka mwezi huu," akasema, "utapata na cha kushoto."

Jamani, kiatu! Mimi ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kuvaa chochote mguuni ila vumbi! Nilichechemea nacho siku nzima na nikajiona mkubwa.

Nikakaa nikafikiri, nikaona watu wangu wanapoteza muda kwa kucheza mabega. Basi nikatangaza: hakuna kuimba, hakuna kuongea, na isyo italiwa jioni kazi ikiisha.

"Shemeji," Mutuku akaniambia, "hii kazi mshahara yake ni kidogo sana. Wimbo ndio inatusukuma. Ukitoa wimbo na utoe isyo, tutabaki na nini?"

"Mtabaki na mapanga," nikamjibu. Lo, mdomo wangu huu!

Akakitazama kiatu changu, akarudi mstarini kukata. Hapo ningepaswa kushtuka, maana Mutuku hakuwahi kunitii maishani.

Mapanga yakaanza kuanguka polepole. Mtu anakata jani moja, anakuna mgongo, anatazama mawingu. Nikimuuliza, ananionyesha mdomo wake, kwamba amekatazwa kuongea. Mafungu ya mkonge yakapungua, nami nikazidi kufoka.

Siku ya tano nilikuwa nimesimama mbele yao nikiwahubiria juu ya uvivu, nikaona Mutuku ametoa macho. Mwingine akanyoosha kidole nyuma yangu.

"Na ishara pia ni marufuku!" nikamkemea.

Wote wakaweka mapanga chini, wakanyata, wakapanda migunga iliyokuwa kando ya shamba. Kimya kabisa. Nikageuka.

Kifaru!

Kumbe siku zote zile kelele zetu ndizo zilizokuwa zikiwafukuza vifaru! Nilikimbia, wasomaji, mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, hata nikajikuta nimezunguka na kurudi pale pale. Kiatu kikanitoka, kifaru akakikanyaga kikawa chapati, nami nikaparamia mgunga wenye miiba ninayoihisi hadi leo.

Kutoka mti wa pili Mutuku akauliza kwa upole, "Nyapara, sasa naweza ongea?"

"Imbeni!" nikalia. "Imbeni, ndugu zangu!"

Wakaimba huko huko juu, mabega yakicheza, na kifaru akaenda zake.

Jumatatu Mutuku aliondoka na nusu ya watu, wakaenda shamba lingine upande wa Mtito Andei. Mshahara huko ni ule ule, lakini wanaimba. Bwana akaniondoa unyapara, akanirushia kile kiatu cha kushoto kama kwaheri. Siku hizi nakata mkonge kama wengine, na nikianzisha wimbo hakuna anayeitikia. Hilo linaniuma kuliko miiba, nawaambieni kweli!

Kiatu kipo nyumbani, kuku wa mke wangu anatagia humo. Nawe uliyefanywa mnyapara juzi, kabla hujawanyang'anya watu hicho kidogo kinachowapa raha ya kazi, geuka kwanza utazame nyuma yako.