Tangazo Lililotazama Mto

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia akilini huniondolea usingizi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa baraza la jiji katika mtaa mmoja wa Eastlands, upande wa mashariki, kando ya mto, si mbali na Mowlem. Kazi yangu ilikuwa miti na nyua. Usicheke, ilikuwa kazi kamili. Mtu akitaka kukata mti au kung'oa ua wa mtaa, aliandika ombi. Mimi nilibandika tangazo kwenye mti wenyewe wiki mbili, majirani walisome. Akipinga hata mmoja, mkaguzi alikwenda kuikagua ardhi kwa macho yake. Asipopinga mtu, kibali kilitoka.

Rafiki yangu Kimani alikuwa na nyumba juu ya mteremko. Nyuma yake palikuwa na ua mnene wa kayaba, wenye miiba, na mijakaranda miwili mikubwa. Alitaka vyote viondoke ajenge vyumba vya kupangisha. Mimi nilikuwa karibu kuoa na sikuwa na pa kumweka mke.

"Buda, chumba cha kwanza ni chako," akaniambia. "Hiyo karatasi ibandike tu mahali wazee wa mtaa hawapiti."

Sikubishana naye. Nililibandika tangazo kwenye mjakaranda wa pili, upande wa mtoni, ambako hakukuwa na njia wala mpita njia. Wiki mbili zilipokwisha nikaandika kwenye faili: Hakuna aliyepinga. Nikatia sahihi, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo, nakumbuka.

Chini ya mteremko aliishi Bi Zuhura, mama wa Kiswahili aliyeuza mahamri, pamoja na mumewe, Mzee Athman. Mzee alikuwa dereva wa lori kule viwandani, Industrial Area, mpaka kiharusi kilipomlaza. Asubuhi ya kukata, Bi Zuhura alipanda mteremko akiwa na unga mikononi. Nilimwamkia, akaitika.

"Baba, mbona hatukuulizwa?"

"Tangazo lilikuwepo, mama."

"Liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akauzunguka mti polepole, akakawia huko, kisha akarudi.

"Nimeliona," akasema. "Limeutazama mto. Mto unajua kusoma?"

Nikampa kisogo. Vijana wa mapanga waliendelea na kazi, naye akateremka nyumbani. Ningeweza kuwasimamisha, mwanangu. Nilikuwa na mamlaka hayo, na karatasi ya kibali ilikuwa mfukoni mwangu.

Mvua za masika zilipofika, mizizi ilikuwa imekwisha kung'olewa na udongo uko wazi. Alasiri moja mteremko uliporomoka. Bi Zuhura alikuwa kibandani kwake akiuza. Ukuta wa chumba cha kulala uliangukia kitanda cha Mzee Athman, ambaye hangeweza kuinuka mwenyewe. Majirani walimtoa kwa mikono. Aliishi siku tatu.

Mkaguzi wetu, Mzee Mutua, Mkamba mpole asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini kwake. Majirani walikuwa wamekwisha kumweleza lile tangazo lilikobandikwa; akaweka faili mbele yangu.

"Soma ulichoandika."

Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena: Hakuna aliyepinga.

"Sikukutuma kuhesabu miti," akasema. "Nilikutuma uwaulize watu. Ningepata pingamizi moja tu, ningefika pale, na ule mteremko ningeuona. Sasa nenda ukamwambie yule mjane mwenyewe. Barua yako ya kuacha kazi utaniletea ukirudi."

Nilimkuta Bi Zuhura kwa jirani aliyemsitiri, yumo edani, amekaa mkekani. Nilimweleza yote, hata habari ya chumba nilichoahidiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nilingoja nione kama utakuja."

Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Eda ilipokwisha binti yake alikuja kumchukua kwenda Mombasa, na sikumwona tena. Kimani hakujenga hata chumba kimoja, maana ardhi yenyewe ilikuwa imegeuka korongo. Mimi nikaoa bila kazi. Mke wangu nilimweleza baada ya miaka mingi.

Siku hizi nawasikia nyinyi vijana mkilalamika kwamba kibali cha kukata mti ni usumbufu, karatasi juu ya karatasi. Huenda. Lakini ile karatasi, mwanangu, ni nafasi ya mtu wa chini kusema neno kabla janga halijamfika. Ukikuta tangazo kwenye mti, simama ulisome, hata kama mti si wako. Ukiona hatari, andika pingamizi upeleke, usingoje jirani aanze. Ukipewa kazi ya kuwauliza watu, waulize uso kwa uso, na yule unayeogopa jibu lake mwulize wa kwanza. Na ukishakosea, nenda useme mapema, ungali na uwezo wa kusimamisha panga. Mimi nilikwenda nimechelewa, na kuchelewa huko ndiko ninakozeeka nako.

Mungu akupe majirani wema, nawe akufanye jirani wa kutumainiwa. Ulale usingizi ambao mimi nimeukosa. Amina.