Taa Mpya na Senene wa Mama

Juzi nilikuwa nasubiri fotokopi katika jengo moja la maduka hapa Bukoba mjini. Fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, anang'oa taa kubwa za zamani za barazani na kufunga za LED. Mama muuza vitenge akaishika ngazi.

"Fundi, hizi zitaita senene?"

"Wachache, mama. Mwanga wake hauwavuti panzi hao kama wa zile."

"Basi niachie moja ya zamani."

Msimamizi wa jengo akacheka. "Mama, senene si wanajaa sokoni?"

"Mwanangu yuko Dar. Nikimtumia niliowaokota na kuwakaanga mwenyewe, ananipigia siku hiyohiyo."

Mimi msomi nikaingilia: kwa nini asimpigie yeye mwenyewe?

Akaiachia ngazi, akakunja upya kitenge alichokuwa nacho begani. "Nikipiga mimi, anaongea Kiswahili, ana haraka. Akipiga yeye kwa ajili ya senene, tunaongea Kihaya mpaka salio lake linaisha."

Msimamizi hakucheka tena. Akamwambia fundi aiache ile taa ya zamani iliyo mbele ya duka la mama.

Wewe uliye Dar unayesoma hapa, LED ni nzuri, hata kwangu zipo. Ila mpigie mama yako leo, usingoje senene.