Farasi Aliyekataa Kupita

Mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na tangu nifike Maskati sikuwa naandika chochote zaidi ya orodha ya vitu vya dukani. Naandika polepole na kufuta sana. Karatasi imeshatoboka mahali pawili.

Nafanya kazi Ansab, mtaa wa huku Maskati, kwa mzee Mwomani aliyezaliwa Unguja. Nililetwa kupika na kufua. Mwaka wa pili, mtu aliyewatunza farasi wake wawili alirudi kwao, na mzee akaniuliza kama naogopa wanyama. Nikamwambia nyumbani tulikuwa na punda wa mkokoteni. Tangu siku hiyo zizi likawa langu.

Farasi mmoja alikuwa dume mzee asiyepandwa tena. Wa pili alikuwa jike mchanga wa rangi ya kahawia, aliyenunuliwa kwa ajili ya mashindano. Kila asubuhi niliwatembeza mchangani nyuma ya nyumba nikiongea nao, dume mkono wa kushoto, jike mkono wa kulia. Wakati mwingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima. Watanzania wenzangu hukutana Ruwi siku ya Ijumaa. Nilikwenda mara mbili, nikakaa pembeni na soda mpaka ikapata moto, nikarudi. Wanaongea haraka. Neno langu likiwa tayari, wao wameshahamia jambo jingine. Jike alikuwa ananisubiri nimalize.

Nikaanza kumchunguza. Akitembea bila haraka, alama ya kwato ya nyuma ilitua mbele ya alama ya kwato ya mbele kwa shubiri moja na vidole viwili. Nilipima kwa mkono wangu. Ya dume haikufika hata nusu shubiri. Akishatimua mbio uwanjani, pumzi yake ilitulia kabla sijamaliza kujaza ndoo ya maji. Miguu yake nikiishika ilikuwa ya baridi, na shayiri hakubakiza. Sikujua mambo hayo yana maana gani, ila nilitamani kumwambia mtu.

Ndipo akaja rafiki wa mzee, naye mtu wa Unguja, ambaye kazi yake maisha yote ni kuandaa farasi wa mashindano.

"Ndiye wewe mwenye punda?" akaniuliza.

"Shikamoo. Ndiye mimi."

"Marahaba. Basi huyu hana masikio marefu, usije ukamfunga gari."

Mzee akacheka. Mimi nikatazama chini. Yule mwalimu wa farasi akapapasa miguu ya jike mmoja mmoja, akainua kwato, akasimama nyuma yake akimtazama.

"Mashaallah. Bega zuri, kifua kipana. Nnamwona mbali huyu. Lakini umbo halishindi mbio. Jumamosi nitakuja na farasi wangu tuwakimbize pamoja. Akimpita wangu, nnamchukua kwangu Barka nimtayarishe. Asipompita, abaki hapa, wajukuu wapande."

Kwa hiyo nilijua mapema. Akipita, anaondoka. Asipopita, anabaki na mimi.

Jumamosi walikimbizwa mara tatu. Kila mara jike alianzishwa nyuma, na kila mara alimfikia mwenzake kama anayevutwa kwa kamba. Vichwa vikishakuwa sawasawa, alikaa hapo hapo. Mpandaji alimhimiza kwa visigino na kwa sauti, wapi. Masikio yake yalikuwa mbele, ametulia, kama anangoja kupewa kitu.

"Mbio anazo," mwalimu akasema. "Moyo wa kupita hana. Khalas, wajukuu wapande."

Mzee akanigeukia. "Nawe mwanangu wamwonaje? Wewe ndiye unayeshinda naye."

"Sijui, baba."

Nilijua. Alikuwa anangoja tende. Kwetu, punda wawili wa mkokoteni hufundishwa wasipitane, maana mmoja akitangulia gari linakwenda upande na mzigo unaanguka. Nami nina mikono miwili tu na farasi wawili. Kwa hiyo kila jike alipomtangulia dume nilimvuta nyuma, na kila walipokwenda sawa nilimpa tende. Miezi mingi, kila asubuhi. Nilikuwa nimemlea farasi wa mashindano kama punda wa maji.

Siku ile nilifurahi, sitawaficha. Nilimsugua manyoya mpaka yakang'aa, nikamwambia hatuachani. Lakini kesho yake niliziona tena zile alama mchangani, shubiri na vidole viwili, na sikutaka kupima. Siku ya tatu nilichukua karatasi. Niliandika toka adhuhuri mpaka alasiri, kisha nikaiweka kwenye sinia ya kahawa, chini ya sahani ya halua, kwa kuwa kwa mdomo nisingeweza.

Mzee aliisoma nikiwa nimesimama mlangoni.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nilitaka abaki, baba."

Hakunigombeza. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akampigia simu rafiki yake. Nilisikia kicheko chake mpaka pale niliposimama. "Si nilimwambia asimfunge gari?" Kisha sauti ikawa ya kazi. Jike aje Barka upesi. Atembezwe bila farasi wa pili kando yake, na mtu mwingine. Na mimi nisimtembelee, maana akiniona atakumbuka.

Gari la kubebea farasi lilikuja Jumatatu. Jike alikataa kupanda. Walimvuta mbele, wakamsukuma nyuma, akakita miguu chini tu. Mwalimu akanitazama bila mzaha. Nikasimama upande wake wa kushoto, nikashika kamba, nikapanda naye, bega kwa bega, akaingia kama mtoto. Kisha nikainama, nikapita chini ya kamba, nikashuka. Nilipogeuka alikuwa ameshafungiwa.

Sasa natembeza dume peke yake. Mkono wa kulia sijui niuweke wapi, huwa nautia mfukoni. Wiki iliyopita mzee alirudi toka Barka akasema jike amempita mwenzake kwa urefu wa shingo, halafu zamu ya pili akamngoja tena. Mwalimu bado hajakata tamaa, wala hajasema ndiyo.

Mzee ndiye aliyenishauri niandike haya, akasema wapo watu wanaosoma. Basi kama kati yenu yupo aliyewahi kumzoesha mnyama jambo, kisha akalazimika kumwachisha, naomba aniandikie ilichukua muda gani, na kama yule mnyama alimkumbuka baadaye. Hata asiyejua farasi aniandikie tu. Nitajibu, ila mnivumilie, naandika polepole.