Kitasa cha Upande Wangu

Mwaka ule tulikula machungwa ya Moroko. Watu wa hapa Toronto walikuwa wamewakasirikia Wamarekani kwa mambo ya ushuru, basi dukani kila mtu anageuza kopo, anageuza pakiti, anasoma limetoka wapi, na machungwa ya Florida yakabaki yamejipanga peke yake mpaka yakasinyaa. Mimi miaka naihesabu hivyo, kwa kilichoingia tumboni. Nina mwaka wa unga wa yanga, ule ugali wa njano tulioupangia foleni Tanga. Nina mwaka wa mihogo mitupu, niliojifungua mwanangu. Na nina huu wa machungwa ya Moroko, madogo, matamu, yasiyo na kokwa, ambao mwanangu huyohuyo aliapa kitu cha Marekani hakiingii jikoni kwake, huku gari la Marekani limelala gerejini, hatua nne kutoka kwenye friji.

Gari lilikuwa la marehemu mume wangu. Ni la mwaka wa sabini, milango miwili, kijani cha chupa, boneti ndefu kama meza ya maharusi. Wenyewe wanayaita magari ya misuli. Mimi naona ni injini tu imewekewa viti. Mume wangu alikuwa fundi matrekta kwenye shamba la mkonge, na meneja wa shamba alikuwa na gari la namna hiyo. Kazi ya mume wangu kulifuta vumbi. Kulikalia, marufuku. Tukaja huku, akapanga maboksi kwenye maghala mpaka mgongo ukapinda, na siku aliyoupata mzoga wa gari kama lile, Brampton, nyuma ya nyumba ya mtu, panya wamezalia kwenye viti, alilia. Likaletwa juu ya lori.

"Mzee," nikamwambia, "umeniletea maiti nyumbani?"

"Subiri, mama. Huyu ataamka."

Miaka sita akilala chini yake. Likaamka. Siku alipoliwasha, vikombe vilicheza kabatini na jirani akatoka nje na taulo.

Tangu hapo, kila Alhamisi jioni wakati wa kiangazi tulikwenda kwenye uwanja wa kuegesha magari, mbele ya maduka, hapa hapa mtaani kwetu, Scarborough. Wazee wenzake, wazungu wengi, wanafungua boneti, wanakaa kwenye viti vya kukunja, wanatazama injini kama watu wanaota moto. Mimi nilipeleka vitumbua. Mwanzoni walivitazama, baadaye wakawa wananiulizia mimi kabla ya mume wangu.

Ila mimi nilichokipenda ni kushuka. Tukifika, mume wangu anazima injini, anazunguka mbele ya boneti taratibu, anakuja kunifungulia mlango. Kila safari. Mvua, jua, kanisani, hospitalini. Mimi nimekaa, mkoba mapajani, nasubiri watu waone. Mwenzangu mmoja wa kwaya aliniambia, "Shoga, wa kwangu hata mlango wa kanisa ananiachia unigonge pua." Nilicheka, lakini moyoni nilivimba. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, sijui kuendesha, Kiingereza changu ni cha kuombea chumvi, lakini nilikuwa nafunguliwa mlango.

Kila kiangazi viti vya kukunja vilipungua. Mmoja kafa, mwingine macho yameisha, mwingine watoto wamempeleka nyumba ya wazee, na huko hakuna pa kuweka gari. Vijana walipita, wakapiga picha, wakaondoka. Na nikajifunza jambo moja: spea za magari haya zinatoka kwa wafu. Kioo cha mlango wa upande wangu mume wangu alikitafuta miaka miwili, akakipata kwa mjane. Mjane alitufungulia gereji, akasimama pembeni, mikono kifuani, akatuangalia tukichagua vitu vya mumewe kama watu wanaochagua nyanya. Sikuweza kumtazama usoni.

Kisha na mimi nikawa mjane, na simu za watu wa spea zikaanza.

Mwanangu aliyaleta makaratasi jikoni wiki ile ya theluji kubwa, nilipokuwa namenya chungwa. Gari limeandikwa jina langu, kwa hiyo bila sahihi yangu halitoki. Mnunuzi ni kijana mwenye heshima, alisema. Atang'oa injini, ataweka betri, litakwenda kimya kama baiskeli.

"Mama, nani ataliendesha? Wewe huendeshi. Mimi nilikwambia tangu baba hai, siwezi gari linalonuka petroli. Bima inakuja kila mwaka, panya wanakuja kila baridi. Gereji ni ya kuwekea gari langu, naparua barafu kila asubuhi kama mtumwa."

"Injini atapeleka wapi?"

"Sijui. Chuma chakavu."

Nikamgeukia mjukuu wangu. Huyu binti ndiye majivuno yangu, nasema wazi. Anasoma chuo, ufundi wa magari ya umeme, msichana peke yake na vijana wa kiume darasa zima, na alama zake wanazifukuzia hawazipati. Kanisani wamechoka kunisikia. Kiswahili anakielewa chote ila anajibu Kiingereza, isipokuwa anapotaka kunibembeleza. Siku ile alinibembeleza.

"Bibi, petroli itaisha. Hawa watu wa spea pia wataisha. Kwa betri, gari itaishi."

"Ukinitoa moyo ukaniwekea redio, nitakuwa naishi?"

Mwanangu akasukuma kalamu mbele yangu.

"Sisaini," nikasema. "Gari hili litatoka humu na injini yake, au halitoki."

Mwanangu akaacha makaratasi chini ya bakuli la machungwa, akasema kijana anakuja Jumamosi, na nisimwaibishe.

Kesho yake wote walitoka mapema. Theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha ya chini. Wiki ya pili hiyo sijavuka kizingiti, maana nilishawahi kuteleza nikavunja mkono, na tangu hapo naambiwa nikae. Kaa, mama. Kaa, bibi. Nikakaa mpaka nikachoka, saa tatu nikaenda gerejini.

Nilikuwa na kazi huko. Mume wangu aliacha agizo: baridi yote, gari likiwa limelala na betri imetolewa, mara moja kwa wiki mtu akae kwa dereva akanyage breki mara hamsini, mipira ya ndani isikauke, na azungushe usukani kidogo. Kazi hiyo nilikuwa naifanya na mjukuu wangu amesimama nje, mlango wazi, ananihesabia. Siku ile nilikuwa peke yangu. Upande wa dereva haupitiki: mwanangu amepanga hapo friza na matairi mpaka juu ya kioo. Nikaingia upande wangu, nikateleza juu ya kiti kile kirefu hadi kwenye usukani. Upepo ulikuwa unaingia chini ya lango la gereji, unauma miguu. Nikanyoosha mkono nikavuta mlango. Ukajifunga kwa kishindo.

Nikakanyaga hamsini zangu. Nikarudi upande wangu, nikavuta kitasa.

Kikalegea mkononi kama sikio la mbuzi. Nikavuta tena. Nikavuta kwa mikono miwili, nikasukuma kwa bega. Mlango kimya. Mkono wa kushushia kioo nao umeganda. Upande wa dereva nilifungua, ukagonga friza, nafasi ikabaki ya kupitisha kiganja. Honi, betri haipo. Simu iko jikoni inachajiwa. Nikapiga kelele kidogo, nikajisikia mjinga, nikanyamaza. Nani wa kunisikia? Mtaa wote uko kazini.

Basi nikakaa. Nilijifunika blanketi la kiti cha nyuma. Pumzi yangu ikapaka vioo ukungu, gereji ikapotea, nikabaki mimi na dashibodi. Ningesema nilisali, lakini ukweli nilitukana. Nilimtukana mwanangu na friza yake, nikaitukana theluji, nikamtukana mume wangu kwa kutangulia. Halafu nikaona kichekesho. Kwani jana nilikuwa wapi? Jikoni, mlango umezibwa na theluji. Na juzi? Tofauti ya leo ni kwamba nimekaa kwenye kiti kizuri.

Chini ya kiti kuna chuma cha jeki. Nilikishika. Pigo moja tu kioo kinavunjika, natoka, naenda kunywa chai. Nikakipima mkononi. Nikamkumbuka yule mjane na mikono yake kifuani. Nikivunja hiki, cha kukirudishia kitatoka kwenye gereji ya mama gani? Nikakirudisha chini ya kiti. Nilikuwa nakufa kwa baridi na mkojo umenibana hadi machozi, lakini kiti cha mume wangu sikukikojolea na kioo chake sikukivunja.

Kutafuta kitambaa cha kufuta kioo ndiko kulikonifanya nifungue kile kidroo cha mbele. Kitambaa kilikuwapo. Chini yake kulikuwa na kifuko cha nailoni, hakijafunguliwa, na ndani yake kitasa. Kipya. Kinang'aa. Kitasa cha ndani, mlango wa kulia, na skrubu zake mbili, na karatasi yenye mwandiko wa mume wangu: "Upande wa mama."

Nilikigeuza mpaka vidole vikafa ganzi. Dawa ya mlango ninayo mkononi, na bisibisi iko nje, imetundikwa ukutani, naiona. Alijua kitasa kimekufa. Alikinunua kingine. Hakukifunga. Mtu aliyeifungua injini nzima na kuirudisha, skrubu mbili zingemshinda?

Saa nane na nusu nikasikia mlango wa jikoni, na sauti ya mjukuu wangu inaita, inakwenda juu, inarudi, inaanza kuogopa. Nikapiga kioo kwa pete. Akaja mbio, akafungua kwa nje, mara moja tu, kwa kidole.

"Bibi! Bibi, tangu saa ngapi?"

"Mke mwenza," nikamwambia, meno yanagongana, "ulitaka nife nikuachie mume? Mume mwenyewe alishakufa. Nipeleke chooni kwanza."

Nilipotoka huko, na chai mbili tumboni, nikamwekea kile kifuko mezani. Akakitazama, akashika mdomo.

"Wewe unakijua."

Akaanza Kiingereza, nikamwambia hapana, hili nalitaka kwa lugha ya babu yako. Akalitafuta neno mojamoja. Alisema walikipata pamoja, yeye na babu, yeye akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikwenda mwenyewe kuleta bisibisi. Babu akamwambia aache.

"Babu alisema, nikifunga hii, bibi atashuka mwenyewe."

Miaka ile yote nilikuwa nakaa pale na mkoba mapajani nikidhani ninaheshimiwa, kumbe nimefungiwa. Na yule aliyenifungia alikuwa anazunguka boneti, magoti yanamuuma, mvua inamnyeshea, mpaka mwezi wake wa mwisho, ili tu aje anifungulie. Sikujua nicheke au nimfukue nimpige kofi. Mpaka leo sijui.

"Kalete bisibisi," nikasema.

"Bibi, una uhakika?"

"Yeye hayupo wa kuzunguka. Funga."

Tulirudi gerejini, mimi na makoti mawili. Nilimshikia tochi. Mikono yake ni ya babu yake, vidole vifupi, havina haraka. Alipomaliza alinifanya niingie, akafunga mlango, akasimama nje. Nikavuta kitasa. Mlango ukafunguka. Nikashuka kwa kujifungulia mwenyewe, mara ya kwanza tangu gari lile liamke, na sikuwa na raha yoyote.

Hapo ndipo mwanangu alipoingia, theluji mabegani. Binti yake akamweleza kilichonipata. Rangi ikamtoka. Akanishika mikono, akaisugua, machozi yanamlenga, na kwa muda alikuwa yule mtoto wangu wa mwaka wa mihogo.

"Unaona, mama? Hili si gari, ni jeneza. Ungekufa humo."

"Sikufa."

"Baba hakai humo! Umelishika gari, na wewe limekushika. Wote wawili hamtoki."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Sina leseni. Wazee wa vitumbua wanakwisha. Mjukuu wangu anasomea injini zisizo na sauti, na pengine yeye ndiye mwenye haki na mimi ndiye ninayelilia moshi. Nilimtazama. Bisibisi alikuwa ameiweka mfukoni mwake, hakuirudisha ukutani.

Mwanangu akaujaribu mlango, akaufunga, akaufungua kwa ndani. Akafuta macho. Akachomoa kalamu kwenye koti.

"Afadhali basi kitasa kimepona," akasema. "Kijana akija Jumamosi atakuta kila kitu kinafanya kazi. Weka sahihi, mama, tumalize."

"Sisaini. Gari hili litatoka humu na injini yake, au halitoki."