Maman Apolline, Marehemu na Shule ya Kashanga

Maman Apolline alisuka nywele katika salon yake ndogo ya Nguba, mjini Bukavu, na watu wa mtaa walisema mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole. Parokia ilimtoa katika korali. Kuimba alijua, tatizo lilikuwa kwamba alijibu mahubiri. Padri akiuliza kutoka altareni, "Nani kati yetu hana dhambi?", Apolline alijibu kutoka upande wa sauti ya pili, na mara nyingine alitaja majina.

Alizaliwa Kashanga, kisiwa kidogo cha ziwani kilichojificha nyuma ya kisiwa kikubwa cha Idjwi, chenye migomba, mbuzi, na pande mbili za watu wasiopatana: watu wa Juu na watu wa Chini. Ukipiga chafya pale katikati, pande zote mbili zitasikia, lakini hakuna atakayekupa pole kabla ya kujua wewe ni wa wapi.

Siku moja mwalimu Parfait, aliyefundisha Kashanga, alikuja Bukavu kutafuta chaki, akapita salon kusalimia. Apolline akamuuliza habari za mitihani.

"Batoto bote balianguka," Parfait akasema.

"Bote? Ulikuwa unabafundisha kulala?"

"Maman, shule iko ndani ya shapeli, ile kanisa kidogo. Mutu akikufa, shapeli inakuwa ya matanga, batoto banarudi nyumbani. Na huu mwaka bazee balikufa mumoja nyuma ya mwengine, kama vile balipatana. Batoto nabo balishazoea. Kukiwa mutihani ya diktee kesho, banaulizana nani anakohoa."

Apolline alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi. Kisha kicheko kikakatika. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe hajui kugawanya hadi leo. Mwaka wa kugawanya ndio mwaka waliokufa bibi zake wote, wa kwa baba na wa kwa mama.

Kesho yake alikwenda kwa padri kumwambia Kashanga inahitaji jengo la shule. Padri akamwambia waombe.

"Mungu alishasikia, Padiri," Apolline akajibu. "Anangoja mawe."

Basi akaanza kutafuta watu wa kujenga kwa kujitolea, na akawatafuta pale pale salon, maana mwanamke aliyesukwa nusu ya kichwa hawezi kukimbia. Wa kwanza kunaswa alikuwa Christine wa Muhumba, mke wa injenieri Guy.

"Bwana yako anafanyaka nini siku ya posho, Jumamosi yote?"

"Anapumzikaka."

"Ameshapumzika ya kutosha. Atachora shule ya Kashanga, na atakuja kuisimamisha. Ni salongo, hakuna malipo."

"Nitamuuliza mangaribi."

"Muulize sasa. Simu iko pale." Apolline akaweka kitana chini, akakunja mikono.

Christine alijitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto alikuwa bibi harusi. Upande wa kulia alikuwa kuku aliyenyeshewa. Akapiga simu.

Kwa njia hiyo Apolline alipata saruji, mabati, mafundi na boti ya moteri. Hata padri, ambaye hakuwa na unywele mmoja kichwani, alituma mbao, pengine kwa kuogopa kwamba kwake itatafutwa njia nyingine.

Posho ya kwanza walivuka. Injenieri Guy alitapika tangu Bukavu mpaka Idjwi, akapumzika kidogo, akatapika tena mpaka Kashanga. Alishuka akiwa na rangi ya jani la mgomba. Ufukweni walimngojea watu wa pande zote mbili, kila upande na lundo lake la mawe. Wa Juu walitaka shule iwe juu. Wa Chini walitaka iwe chini. Kila upande ulimshika mkono mmoja.

"Tujenge katikati," Guy akasema kwa sauti ya mgonjwa.

Katikati palikuwa na shamba la migomba la Muzee Bisimwa, ambamo ilitoka kasiksi, pombe ya ndizi iliyonywewa kisiwa kizima. Muzee alitoka nje na fimbo yake.

"Shule itabanywesha nini?" akauliza.

Apolline ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka kuelekea boti, na hilo wanakisiwa walilisimulia kwa muda mrefu. Waliacha saruji ndani ya shapeli, wakarudi Bukavu.

Mvua za masika zilipoanza, ikaja habari kwamba Muzee Bisimwa amekufa usingizini. Apolline alifunga salon, akamkamata Guy, na kundi lote likavuka kwenda kuzika. Walipofika mvua ilikuwa inamwagika. Ndani ya shapeli watu wazima walikaa wakavu pamoja na sanduku la marehemu. Nje, chini ya ukingo wa paa, wanafunzi walikuwa wamesongamana wakitetemeka, na mwalimu Parfait akiwafunika kwa koti lake, wale walioweza kuenea.

"Mwalimu, ingiza batoto. Fundisha," Apolline akasema.

Katekista alishtuka. "Maman, kuna maiti humu!"

"Anamusumbua nani? Humu ndani ni yeye peke yake asiyepiga makelele."

Watoto wakaingia, wakajibana kati ya waombolezaji. Ubao ulikuwa nyuma ya jeneza. Parfait aliuendea kwa kunyata, akamwomba marehemu radhi, akaandika hesabu ya kugawanya. Kisha chifu wa Juu akanong'ona jibu. Chifu wa Chini akasema hapana, si hilo. Wa Juu akapandisha sauti. Muda si muda pande zote mbili zilikuwa zimesimama, zikigombana juu ya hesabu ya watoto wa mwaka wa tatu, katikati yao Muzee Bisimwa amelala.

Mjane wake, Maman Mapendo, alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Wanawake walimkumbatia wakidhani ni kilio. Alipoinua uso, wakaona anacheka huku machozi yanamtoka.

"Bwana yangu aliishia mwaka wa pili," akasema. "Alitorokaka kupitia ile dirisha pale. Leo bamemukamata." Akajifuta uso kwa kitenge. "Mujenge pale penye migomba. Shamba sasa iko yangu. Lakini kasiksi ya matanga tunakunywa kwanza."

Walimzika, wakanywa, na siku iliyofuata wakaanza kung'oa migomba. Apolline alishika jembe pamoja na mjane, akalima kando yake.

Malundo yote mawili ya mawe yakahamia katikati. Lakini wa Juu walijenga ukuta wao na wa Chini wakajenga wao, wakishindana, huku Guy akikimbia na kamba ya kupimia kutoka huku kwenda huku. Kila posho alitapika, na kila posho alirudi. Ukuta wa Juu ulizidi kimo kidogo. Guy alieleza wageni kwamba paa limeinama makusudi ili maji yateremke.

Siku ya kufungua, jina lilikuwa bado linagombewa. Juu ya mlango waliandika École Primaire, yaani shule ya msingi, kisha wakaacha nafasi tupu, na mpaka leo iko tupu.

Walimwomba Maman Apolline aseme neno. Alisimama mbele ya mlango, akawatazama watoto waliopakwa mafuta mpaka wakang'aa. Akatazama mabati.

"Muingie basi," akasema mwishowe. "Munangoja nani?"

Watoto wakaingia mbio kama mbuzi waliofunguliwa.

"Musiingie darasa ya mwisho!" Guy akapiga kelele. "Simati ya chini haiyakauka!"

Walikuwa wameshafika ukutani. Nyayo zao ziko pale, kubwa na ndogo, zimekauka ndani ya sakafu, na kila anayeingia darasa lile lazima aangalie anapokanyaga.